Kuogelea Pakavu

Hapo si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake tutaliacha lipumzike, maana wananchi wake wenyewe hawakuruhusiwa kupumzika. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na mito, milima, wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na Rais ambaye hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kuchoka.

Rais huyo aliwahi kwenda ng'ambo kutibiwa, na huko madaktari wakampandisha juu ya mashine ya kukimbilia. Alikimbia kidogo, akatoka jasho, usiku akalala usingizi ambao hajawahi kuupata tangu ashike madaraka. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kujinunulia raba. Yeye alirudi nyumbani na sheria.

Sheria ya Jasho, kwa ufupi, ilisema kwamba afya ni jasho, na jasho ni lile linaloonekana. Kila Jumamosi asubuhi kila mtu mzima alitakiwa kufika uwanjani na taulo jeupe la taifa, akimbie kuuzunguka uwanja au anyanyue vyuma katika Nyumba ya Vyuma iliyokuwa jirani, kisha ajifute mwili na kumkabidhi taulo Mkamuzi. Mkamuzi alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mikono ya kazi na kikombe cha bati kilichochorwa mstari mwekundu kwa ndani. Alilikamua taulo. Jasho likifika kwenye mstari, kadi yako ya hospitali iligongwa muhuri, na ukiugua mwezi huo ulitibiwa. Lisipofika, huo ulikuwa ushahidi kwamba hutaki kuwa mzima, na serikali gani yenye akili timamu itampa dawa mtu asiyetaka kuwa mzima?

Wanene walifaulu vizuri. Wenye homa kali walifaulu kuliko wote, mpaka ukazuka uvumi mjini kwamba malaria ni mazoezi mazuri. Rais mwenyewe magoti yalikuwa yamekwisha kugoma, lakini hilo halikumzuia kuitwa Mkimbiaji wa Kwanza wa Taifa. Alizungushwa uwanjani ndani ya gari jeusi, kioo kimeteremshwa, akipunga taulo kavu, na mizunguko ya gari ilihesabiwa kuwa yake kwa sababu dereva alikwenda kwa amri yake.

Katika nchi hiyo aliishi Daktari Nuhu Mkwiche, bingwa wa moyo wa hospitali kuu. Alikuwa mpole, mtanashati, na aliyajua yote kuhusu moyo isipokuwa namna ya kuutumia wa kwake mbele ya wakubwa. Alilelewa na dada yake, Asumini, baada ya wazazi wao kufariki. Asumini alikataa posa mbili ili mdogo wake amalize shule, na hakuwahi kumsimanga kwa hilo, jambo ambalo lilimuumiza Nuhu kuliko kama angesimangwa.

Sasa Asumini alikuwa mwalimu mstaafu mwenye presha na moyo mkubwa, ule mkubwa wa ugonjwa, ingawa na ule mwingine alikuwa nao. Goti la kulia lilivunjika siku ya kwanza kabisa ya Sheria ya Jasho, pale umati ulipokimbia kwa uzalendo na kumkanyaga. Tangu hapo hakuweza kukimbia hata kama nyumba ingewaka moto. Kila alfajiri alijikokota mpaka kwenye bwawa la kuogelea lililoachwa na shirika la reli, akavaa suruali ya zamani na fulana, akaogelea kwenda na kurudi mpaka pumzi ikamwenda mbio. Majini goti halikumuuma. Majini alikuwa binti tena. Vidonge vya hospitali vilimshika mkono mmoja, bwawa likamshika mwingine, na moyo ukawa unakwenda.

Kwa muda kadi yake iligongwa muhuri kwa hisani ya jirani, mama mmoja mwenye mwili na huruma, aliyekuwa akilikamua taulo lake juu ya taulo la Asumini kabla ya kufika kwa Mkamuzi. Serikali ikaligundua hilo, ikalitangaza kuwa ni jasho la kuazima, ikalipiga marufuku. Ndipo Asumini akamwita mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa. Usinitazame mguu, nitazame usoni. Nimesikia redioni wameunda tume."

Ni kweli iliundwa. Wenye magoti mabovu walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa, na kilio chao kilifika juu, kwa hiyo ikaundwa Tume ya Kuchunguza Iwapo Baiskeli na Kuogelea Vinaweza Kulingana na Kukimbia na Kunyanyua Vyuma. Daktari Nuhu aliteuliwa mjumbe. Alikuwa daktari pekee humo, wengine walikuwa wataalamu wa kupiga makofi.

"Sikuombi unipendelee," Asumini alisema. "Nakuuliza kitu ulichokisomea. Mtu akiogelea, moyo unapata kazi ileile ya mtu anayekimbia, au haupati?"

"Unapata, dada. Ukiogelea kwa nguvu, moyo haujui kama uko majini au barabarani. Unachojua ni kwamba umefanyishwa kazi. Hata baiskeli, ukiikanyaga kweli, ukaipandisha mlima, ni kitu kilekile. Tena magoti yanasalimika. Ukitaka misuli ya mtu wa vyuma, hapo ni suala jingine, lakini kwa moyo kama wako hakuna kilichopungua."

"Basi nenda ukayaseme hayohayo. Vidonge nilivyo navyo ni vya mwezi huu tu, Nuhu. Wakisema kuogelea si kitu, kadi yangu imekufa, na mimi naifuata."

"Nitasema, dada."

"Apa."

Akaapa, huku kijiko cha wali kikiwa mkononi.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Waziri wa Jasho na Pumzi, Mheshimiwa Bakilana Tindwa, mtu aliyehema akivaa soksi. Alifungua kikao uwanjani, chini ya hema, kutoka kwenye kiti chenye mto.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa letu limesimama imara. Nauliza: anayeogelea amesimama? Amelala! Tena kifudifudi! Je, adui akija, atukute taifa zima limelala kifudifudi?"

Makofi yakapigwa.

"Hata hivyo, serikali yetu ni sikivu. Tumekuja hapa kuchunguza kwa haki, bila upendeleo wowote, ili tuthibitishe kwamba mambo haya hayalingani."

Daktari Nuhu alinyoosha mkono. Alieleza, kwa unyenyekevu, kwamba kipimo kipo na hakina gharama: mtu ashikwe kifundo cha mkono, mapigo ya moyo yahesabiwe, kisha mkimbiaji, mwendesha baiskeli na mwogeleaji walinganishwe.

Waziri alimtazama kwa masikitiko. "Daktari, moyo ni kitu cha ndani. Leo tukianza kupima yaliyo ndani ya mioyo ya wananchi, unajua tutakayoyakuta? Tupime jasho. Jasho halina siri."

Daktari akaketi. Alijiambia kwamba siku bado ni ndefu.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Sadala, muuza mikate, ambaye kwa miaka alikipanda kilima cha mnara wa redio na baiskeli yake, makreti mawili nyuma. Alipanda, akafika juu, akateremka, akasimama mbele ya Tume kifua kikipanda na kushuka. Mkamuzi akalikamua taulo lake. Likatoa tone moja, nalo kwa shida, kwa sababu upepo wa mteremko ulikuwa umemkausha.

"Ulipokuwa ukipanda," Waziri aliuliza, "ulikuwa umesimama au umeketi?"

"Nimeketi, Mheshimiwa, lakini kile kilima..."

"Andika: aliketi. Tangu lini mtu akafanya kazi ameketi?" Waziri alisema hayo akiwa ameketi tangu asubuhi, na hapakuwa na mjumbe aliyecheka. "Na wakati wa kuteremka ulikanyaga?"

"Kuteremka hakuna haja ya kukanyaga, mzee."

"Andika: aliteremka bure. Ametumia mteremko wa umma bila kuutolea jasho."

"Mheshimiwa, njoo kesho upande na mimi, hata bila mikate," Sadala alisema, na askari wawili wakamsaidia kuondoka.

Kisha wakaenda bwawani, Waziri akibebwa juu ya kiti chake. Askari mmoja wa zimamoto aliogelea kwenda na kurudi mpaka midomo ikawa ya kijivu, akatoka, akajifuta. Taulo lilipokamuliwa, kikombe kilijaa, kikafurika, kikamlowanisha Mkamuzi viatu. Tume nzima ilipigwa na bumbuwazi. Kwa kipimo chao wenyewe, kuogelea kulikuwa kumeshinda kila kitu tangu kuumbwa kwa dunia. Daktari Nuhu alijikuta akitabasamu.

Lakini Mkamuzi alikuwa mtu wa kazi yake. Alichovya kidole kikombeni, akakilamba, akafikiri.

"Halina chumvi," alisema.

Waziri alisimama, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Maji ya bwawa! Huyu anataka kuirudishia serikali maji yake yenyewe na kudai ni jasho!" Yule askari aliomba radhi akitetemeka kwa baridi, akasamehewa baada ya kukatwa likizo.

Mwisho, ili watu waone mfano mwema, walirudi uwanjani, akaletwa Lusekelo, kijana wa Umoja wa Vijana, akimbie kuuzunguka uwanja jua likiwa utosini. Alikimbia vizuri. Hakupewa maji, kwa kuwa maji yangechafua kipimo. Kijana alipoanza kuyumba, Daktari Nuhu alisema, "Mheshimiwa, asimame huyu," lakini alilisema chini chini, kama mtu anayeomba chumvi mezani, na Waziri hakulisikia. Kijana akaanguka. Daktari alikimbilia kumshika shingo atafute mapigo. Mkamuzi alikuwa ameshatangulia na taulo.

Jasho lilivuka mstari mwekundu. Wajumbe wakasimama na kushangilia. Kadi ya Lusekelo ikagongwa muhuri palepale, kwa hiyo hospitali ilimpokea bila usumbufu wowote, kwanza wodini, halafu jioni katika chumba cha maiti.

Siku ya pili Waziri alimwita Daktari ofisini, akamkaribisha chai ya maziwa na sambusa.

"Daktari, nina tatizo dogo la kitaalamu. Mke wangu ameagiza mashine kwa ajili ya Nyumba ya Vyuma. Zimekuja. Ni baiskeli."

"Baiskeli?"

"Zisizokwenda. Unakanyaga, unabaki palepale. Zimejaa makontena mpaka juu. Sasa tukisema baiskeli si kitu, mama ataziweka wapi?"

Daktari aliona mlango unafunguka kidogo, akatia mguu. Alisema kwamba kisayansi baiskeli inalingana kabisa na kukimbia, na yuko tayari kuliweka hilo kwenye taarifa.

"Maadamu haiendi," Waziri alisema.

"Maadamu... haiendi," Daktari alirudia. "Na kuogelea, Mheshimiwa?"

"Kunalingana vilevile. Mimi si mtu wa roho mbaya. Maadamu hakuna maji."

Daktari alicheka. Waziri hakucheka. Alikuwa akichovya sambusa kwenye pilipili, uso mkavu kabisa.

"Mheshimiwa, kuogelea bila maji..."

"Maji ndiyo yaliyotuharibia kipimo. Ondoa maji, jasho litaonekana. Daktari, hospitali yako imekosa mkurugenzi tangu mwaka jana, au naambiwa uongo?"

Hapo ndipo mtu angesimama. Angesema, Mheshimiwa, huo ni upuuzi na utaua watu, nami dada yangu ni mmoja wao. Daktari Nuhu alimeza chai. Alijiambia kwamba kubwa ni neno kuogelea liingie kwenye sheria, hata likiwa kavu. Mwaka huu neno, mwaka ujao maji. Haba na haba hujaza kibaba. Waoga wana methali nyingi kuliko watu wengine wote, na kila moja wanaijua kwa moyo.

Akaunga mkono. Na kwa kuwa taarifa ya kitaalamu hunoga ikisomwa na mtaalamu, aliombwa aisome redioni yeye mwenyewe, naye akaisoma mpaka mwisho bila kukosea hata neno. Nyumbani kwake Asumini aliisikiliza huku akichambua mchele. Ilipokwisha alizima redio, akaendelea kuchambua mchele uliokuwa umekwisha chambuka.

Utekelezaji ulikuwa wa haraka, kama kawaida ya mambo ya kijinga. Zimamoto walilivuta maji lile bwawa la reli mpaka likabaki vigae na vyura, Waziri akakata utepe na kulitangaza kuwa bwawa la kwanza duniani kukidhi viwango. Sadala aliambiwa anaweza kuuza mikate kwa baiskeli isiyokwenda, wateja wamfuate. Na Jumamosi iliyofuata, upande wa mashariki wa uwanja, juu ya changarawe, wenye magoti mabovu walilazwa kifudifudi kwa mistari ili waogelee.

"Vuta! Sukuma! Piga miguu!" mkufunzi alipaza sauti. "Geuza kichwa upumue! Wewe bibi wa tatu, mbona unapumua hovyo? Ungekuwa majini ungekufa!"

Wazee walipiga mikono kwenye changarawe, viwiko vikichubuka, wakigeuza vichwa kwa zamu kupumua hewa ambayo ilikuwa kila mahali. Jasho lilitoka kweli. Damu kidogo pia, ambayo Wakamuzi walielekezwa waihesabu kama jasho la daraja la juu.

Asumini alifika akichechemea, taulo begani. Alisimama pembeni ya mstari akaitazama ile changarawe.

"Mwanangu," alimuuliza mkufunzi, "maji yako wapi?"

"Yamefutwa, bibi. Kitaalamu."

"Utaalamu wa nani?"

Mkufunzi alinyoosha kidole jukwaani, ambako Mkurugenzi mpya wa hospitali kuu, Daktari Nuhu Mkwiche, aliketi karibu na Waziri. Asumini alimtazama. Yeye akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Alipoinua macho, taulo jeupe lilikuwa limelazwa juu ya changarawe, limekunjwa vizuri, na dada yake alikuwa amekwisha kulifikia lango.

Mwezi ulipokwisha Daktari alikwenda kwake na vidonge ndani ya soksi, kama mwizi. Alimkuta Asumini kitandani, miguu imevimba.

"Dada, nimekuletea dawa. Za miezi mitatu. Hakuna aliyeniona."

"Umezitoa wapi?"

"Stoo."

"Za nani?"

Daktari aliimwaga soksi mezani. Zilikuwa za mtu mwenye kadi.

"Zirudishe," Asumini alisema. "Kuna mtu atazikosa."

"Dada, nakuomba, zimeze. Nakupigia magoti."

"Usipige magoti, utayahitaji Jumamosi." Alicheka kidogo, akakohoa sana. "Ulikuwa na jambo moja tu la kusema, Nuhu. Tena unalijua kuliko wote."

"Wangenifukuza kazi."

"Najua wangekufukuza. Ndiyo maana nilikuomba wewe. Ningemtuma Sadala, naye alisema, wakamtoa nje. Wewe ndiye waliyekuita mezani." Alifumba macho. "Mwili wangu unayatamani maji, mdogo wangu. Huwezi kuamini ninavyoyatamani."

Daktari alilia kama mtoto, na kulia kule hakukumponya mtu. Aliacha vidonge mezani. Asumini alimpa jirani avirudishe hospitali, na kabla mvua hazijaanza moyo wake ukasimama.

Katika nchi ile ilikuwa desturi, tangu enzi za mababu, kwamba kabla maiti hajafukiwa msimamizi wa mazishi huwauliza waliohudhuria, "Mnamshuhudiaje marehemu?" nao hujibu, "Mtu mwema." Serikali, ambayo haikupenda desturi nzuri ipite bila kuboreshwa, ilikuwa imeongeza swali la pili, lililoulizwa na Mkamuzi wa kata: "Marehemu alikimbia?" Aliyekosa shahidi wa kukimbia hakuzikwa na wenzake. Alipelekwa ng'ambo ya reli, walikozikwa waliojitoa uhai, kwa kuwa uvivu ulihesabiwa kuwa ni kujiua polepole.

"Mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mtu mwema," watu walijibu, na wengi walilia, maana aliwafundisha kusoma.

Mkamuzi akasogea ukingoni mwa kaburi. "Marehemu alikimbia?"

Mtaa mzima ulimjua Asumini. Hakuna aliyetaka kumsingizia.

"Aliogelea," alisema Sadala, aliyekuwa na koleo mkononi. "Kila alfajiri, mpaka mlipomwaga maji. Andika hivyo."

"Sina mahali pa kuandika hivyo," Mkamuzi alisema, bila ubaya, na akamgeukia Daktari. "Mkurugenzi, wewe ndiye ndugu, na wewe ndiye mtaalamu. Alikimbia?"

Watu wote wakamtazama. Ng'ambo ya reli palionekana kutoka pale, vichaka na vijilima visivyo na majina. Daktari Nuhu aliutazama mwili wa dada yake ndani ya sanda, mguu wa kulia umepinda kidogo gotini.

"Alikimbia," akasema.

Mkamuzi akashukuru, akaruhusu mazishi yaendelee. Sadala alilaza koleo lake chini, akapokea baiskeli yake kutoka kwa aliyemshikia, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kuaga. Daktari aliliokota koleo akaanza kufukia peke yake, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na mikono yake haikuzoea, jasho lilimtoka likamlowanisha shati mpaka mgongoni. Alipomaliza aligeuka, akamkuta Mkamuzi bado yupo, amesimama kwa adabu, amemshikia taulo.